Hilux 22R: ikiwa baridi iko poa, ikipata moto inazima. Nimebadilisha kabureta na bado

Kiazi Mviringo (Njombe):
Wakuu salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo yamenifika.

Nina Hilux ya 1992, injini ni 22R ya petroli, ile ya lita 2.4 yenye kabureta. Ni gari ya kazi, nabebea viazi kutoka Uwemba kuja mjini, na mara mojamoja nateremka nayo mpaka Makambako. Tatizo liko hivi: asubuhi ukivuta choki inawaka, inamisi sekunde chache, kisha inatulia vizuri kabisa. Ikishapata moto, ukirudisha choki, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaanza kushuka. Inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza, na ukisimama kwenye tuta inazima. Ukikanyaga mafuta inaenda, ingawa mlimani haina nguvu kama zamani.

Mpaka sasa nimeshabadilisha plagi, waya za plagi, kifuniko cha distributa na chujio la petroli. Fundi akasema kabureta imechoka, nikaagiza mpya Kariakoo, hizi za kopi, ikaja kwa basi, 280,000. Ikafungwa. Siku mbili afadhali, siku ya tatu tukarudi kulekule, tena sasa hata skrubu ya sailensa ukiikaza mpaka mwisho haitoshi. Jana fundi ameniambia tufungue hedi (sehemu ya juu ya injini yenye vali). Kabla sijatoa hela ya hedi naomba mawazo yenu.

Chujio la hewa napuliza kila Jumapili. Oili iko sawa. Maji naongeza kidogo kidogo, kawaida ya gari ya zamani.

Chuma Chakavu:
Uza, ongezea kidogo, chukua ya dizeli. Petroli ya kubebea viazi ni sawa na kuoa wake wawili kwa mshahara wa mlinzi.

Kiazi Mviringo (Njombe):
Mkuu hiyo "kidogo" ya kuongezea utanitumia kwa simu au nije kuichukua?

Mwana Pwani (Tanga):
Badilisha koili. Koili ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Mimi iliniadhibu Segera usiku.

BintiSpana (Iringa):
Kaka Kiazi pole. Usifungue hedi, na koili usinunue bado.

Koili ikifa kwa joto gari inazima ghafla, na hata ukikanyaga mafuta inakatakata. Yako wewe umesema ukikanyaga inaenda. Inasumbua sailensa tu, tena baada ya kurudisha choki. Hiyo ni dalili ya injini inayovuta hewa pembeni, yaani hewa inayoingia chini ya kabureta bila kupita kwenye kabureta.

Gari ikiwa kwenye sailensa, kile kibapa cha kabureta kimefungwa karibu kabisa, na silinda nne zote zinanyonya. Ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda, kunakuwa na mnyonyo mkali. Pakiwa na ufa mdogo tu, hewa inaingia hapo kwa nguvu, na hewa hiyo haijabeba petroli. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inatetemeka. Ukikanyaga mafuta kibapa kinafunguka, hewa nyingi inapita njia halali, ule ufa unakuwa si kitu. Ndiyo maana inaenda. Na asubuhi choki inamwaga petroli ya ziada inayofunika lile pengo. Choki inakufichia ugonjwa.

Kabureta mpya isingesaidia kwa sababu tundu haliko kwenye kabureta. Zile siku mbili za afadhali nadhani ni kwa sababu walipokaza upya, ufa ulibanwa kidogo.

Fungua plagi zote nne gari ikiwa imetoka kutembea, zipange kwa namba, utuambie rangi. Usizifute.

Mwana Pwani (Tanga):
Dada umenichapa lakini nimeelewa. Naongezea: tafuta geji ya vakiumu, ya kupima huo mnyonyo, chomeka kwenye mrija wowote unaotoka moja kwa moja kwenye manifoldi. Kwenye sailensa inatakiwa isome inchi 18 mpaka 21 za zebaki, mshale umetulia. Ikiwa chini ya hapo unavuta hewa.

Kiazi Mviringo (Njombe):
Nimerudi. Geji nimeazima kwa jamaa mmoja wa matrekta. Injini ikiwa ya moto inasoma 9, mshale umetulia, unacheza kidogo sana. Kwa hiyo nimepoteza nusu nzima?

Plagi: namba 2, 3 na 4 ni nyeupe kama majivu ya mkaa. Namba 1 ni safi, yaani safi kabisa, kama imetoka kwenye boksi leo. Nimefurahi kidogo kwamba angalau silinda moja ni nzima.

Chuma Chakavu:
Inchi 9 kati ya 21? Hiyo injini ipelekwe kwenye kilo.

Fundi Kimya (Mbeya):
Vijana, taratibu.

Kwanza, hesabu ya inchi 18 mpaka 21 ni ya pwani. Ukipanda, hewa inapungua, na geji inapungua nayo kama inchi moja kwa kila mita 300. Njombe mjini ni zaidi ya mita 1,800, toa inchi 6. Injini nzima huko inasoma 12 mpaka 14 au 15. Nimeshaona gari ikivuliwa hedi bure kwa sababu fundi alisoma kitabu kilichoandikwa na watu wa pwani. Kwa hiyo Kiazi hujapoteza nusu, umepoteza inchi 3 mpaka 6. Bado ni ugonjwa, ila haufanani na ule Mwana Pwani anaouona kutoka Tanga.

Pili, mshale uliotulia lakini uko chini una maana mbili: unavuta hewa kwenye manifoldi, au taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) imechelewa. Fundi aligusa distributa alipobadilisha kifuniko? Mwambie apime kwa taa ya taimingi, asikisie kwa sikio. Mshale ungekuwa unaruka kwa mpigo unaojirudia ningesema vali.

Tatu, kabureta iliyotengenezwa kwa ajili ya chini, huko juu inamwaga petroli kupita kiasi cha hewa. Plagi za Njombe zinatakiwa ziwe na masizi. Zako ni nyeupe. Binti yuko sahihi.

Nne, na hili ndilo limenifanya niandike leo. Umesema maji unaongeza kidogo kidogo, ukalipitisha kama salamu. Na plagi namba 1 ni safi kama ya dukani, ukaifurahia. Kidogo kidogo ni kiasi gani, na kila baada ya siku ngapi?

Kiazi Mviringo (Njombe):
Shikamoo mzee. Distributa haikuguswa, kifuniko tu, lakini taimingi tutapima. Maji ni kama nusu lita kwa wiki. Chini hapavuji. Nilidhani inapotea kwa mvuke.

Fundi Kimya (Mbeya):
Marahaba. Nusu lita kwa wiki haipotei kwa mvuke kwenye rejeta yenye kifuniko kizima. Inakwenda mahali. Asubuhi ukiwasha unasema inamisi sekunde chache. Moshi wake ni wa rangi gani?

Kiazi Mviringo (Njombe):
Mweupe. Lakini mzee, mwezi huu Njombe asubuhi hata mimi nikifungua mdomo natoa moshi mweupe.

Fundi Kimya (Mbeya):
Nakubali. Ila wewe huna plagi inayooshwa na maji.

Plagi safi peke yake kati ya nne, kwenye gari inayopoteza maji, ni plagi inayosafishwa na mvuke. Maji yanaingia silinda namba 1. Njia ni mbili. Ya kwanza ni gasketi ya hedi, ndiyo anayoiwaza fundi wako bila kujua kwa nini. Ya pili wengi hawaifahamu. Kwenye 22R, maji yakitoka kwenye hedi kwenda kwenye themostati (kidhibiti cha joto la maji) yanapitia kwenye manifoldi ya hewa, kwa mbele, jirani kabisa na mlango wa hewa wa silinda namba 1. Gasketi ya manifoldi ni ileile moja, inazuia hewa na inazuia maji. Ikiliwa hapo, unavuta hewa na unakunywa maji kwa tundu lilelile.

BintiSpana (Iringa):
Mzee umeniwahi kwenye hilo la maji, sikuliona. Kaka, kabla ya kufungua chochote zitenganishe hizo njia mbili. Injini ikiwa baridi fungua kifuniko cha rejeta, washa, piga resi kidogo, angalia kama maji yanatoa mapovu yasiyoisha. Chomoa kijiti cha oili, uone kama oili ina rangi ya chai ya maziwa. Ukikuta vyote hakuna, gasketi ya hedi iache kwanza, anza na manifoldi. KIFUNIKO HICHO USIKIFUNGUE INJINI IKIWA YA MOTO. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mkono wangu wa kushoto una alama.

Halafu tafuta tundu. Mafundi wengi wanarashia petroli kwenye manifoldi wasikie resi ikibadilika. Usifanye hivyo, injini ni ya moto na kuna waya za plagi, utabaki na chesisi. Hata zile dawa za kopo za kusafishia kabureta zinashika moto. Tumia chupa ya saluni, ile ya kupulizia nywele, weka maji. Gari ikiwa kwenye sailensa, puliza sehemu moja ndogo, subiri, puliza nyingine. Ukifika kwenye ufa, maji yanauziba kwa sekunde moja: sailensa inabadilika na mluzi wa hewa inayoingia unageuka mgugumio. Distributa ifunike na mfuko wa nailoni.

Anza na hosi za mpira, ni rahisi. Ile nene ya busta ya breki ibane kwa plaizi uliyoizungushia kitambaa. Sailensa ikipanda, busta au hosi yake ndiyo mwizi. Chomoa vali ya PCV (inayorudisha moshi wa ndani ya injini kwenye manifoldi) kwenye kifuniko cha vali, zibia kidole, inatakiwa ikuvute na resi ishuke kidogo. Mirija midogo ibane mmojammoja. Usichanganyikiwe na video za Wamarekani, injini zao zimejaa mirija ya kudhibiti moshi kama tambi. Hizi zetu za Afrika zina michache.

Ukimaliza mirija, njoo chini ya kabureta. Kati ya kabureta na manifoldi kuna kipande kinene cheusi kama bakelaiti. Hicho ndicho ninachokishuku kuliko vyote.

Mkebe wa Nakuru:
Wadau wa huko Tanzania hamjambo. Mimi niko Nakuru, ambako ni juu kama Njombe, na 22R yangu ikiwa na afya inasoma 13. Mzee Kimya amesema kweli tupu.

Sisi jua kali tunatumia moshi. Mkebe wa rangi, kitambaa kilicholowa oili, kaa moja la moto, na pampu ya baiskeli kusukuma moshi ndani ya manifoldi injini ikiwa imezimwa. Moshi unatokea pale palipo na ufa, hauhitaji kubahatisha.

BintiSpana (Iringa):
Kaka wa Nakuru, kaa la moto na kabureta iliyojaa petroli? Hapana. Najua inafanya kazi, nimeiona, lakini mwenzetu hajawahi na yuko peke yake uani.

Mkebe wa Nakuru:
Sawa madam, huwa tunaweka mkebe mbali na mpira mrefu. Lakini nimekubali, maji kwanza.

Kiazi Mviringo (Njombe):
Ripoti ya Jumamosi. Chupa nimemwibia mke wangu, ana saluni, bado hajajua.

Rejeta haina mapovu. Oili ni nyeusi ya kawaida. Busta nimebana, hakuna mabadiliko. PCV inavuta kidole vizuri. Mirija midogo mmoja umepasuka mwishoni, nimekata kipande kilichooza nikaurudishia, sailensa imeongezeka kidogo sana.

Kisha nikapuliza kwenye kile kipande cheusi, upande wa nyuma, ule usioonekana mpaka uinamie bawa la gari. Wakuu! Gari ilikuwa inatetemeka, ghafla ikatulia kama mtu aliyeshikwa bega. Sekunde moja, halafu ikarudi. Nimerudia mara sita, si kwa kupima tena, ni kwa raha tu.

Mbele karibu na themostati nilipuliza pia, sikusikia tofauti ya wazi.

Dereva wa Zamani (Singida):
Hongera kijana. Wakati unasubiri spea, kagua na upande wa juu wa hewa, kutoka kwenye chujio. Nina hadithi fupi ya maumivu.

Nilikuwa na Hilux ya dizeli, 3L. Dizeli kama ile kwenye manifoldi haina mnyonyo wa kufaa kitu, ndiyo maana busta yake inapata vakiumu kwenye pampu iliyo nyuma ya altaneta. Kwa hiyo ikiwa na tundu la hewa haitetemeki, haizimi, haikwambii kitu. Mpira wa kutoka kwenye chujio ulipasuka chini, mahali ambapo jicho halifiki, na mimi nikawa nakimbiza barabara ya vumbi miezi mitano. Chujio safi, mimi najisifu. Injini ikaanza kula oili, lita moja kwa safari. Tulipofungua, ringi zimekwisha, kuta za silinda zinang'aa kama kioo. Imekula vumbi.

Tangu hapo kila nikimwaga oili nachukua kitambaa cheupe, naingiza kidole ndani ya mpira baada ya chujio, nafuta. Kitambaa kikitoka na vumbi, pana tundu. Kipimo cha bure.

Na unapopuliza chujio kwa kompresa, puliza kutokea ndani kwenda nje. Vijana wa gereji wanapuliza kutokea nje, wanalipigilia vumbi ndani ya karatasi. Unapuliza upande gani?

Kiazi Mviringo (Njombe):
Nje.

Dereva wa Zamani (Singida):
Nilijua.

Kiazi Mviringo (Njombe):
Nimefuta kitambaa, yangu ni safi, ashukuriwe Mungu. Ila chujio nimelishika dhidi ya jua sioni mwanga kabisa. Nimenunua jipya. Nadhani nguvu ya mlimani nyingine ilikuwa humo.

Leo tumeng'oa kabureta. Kipande cheusi kina ufa kutoka tundu la bolti mpaka ndani, unapitisha ukucha. Na kitako cha kabureta mpya ukikiweka juu ya kioo kinacheza. Fundi alikaza nati zile nne kwa nguvu zote akitaka isivuje, akapasua kipande na kupinda kabureta kwa mpigo mmoja. Juu na chini amepaka silikoni nyekundu. Vipande vya silikoni vimening'inia ndani ya manifoldi kama kamasi.

Spea ya hicho kipande Njombe hakuna. Fundi anasema atanichongea cha aluminiamu. Nikubali?

Fundi Kimya (Mbeya):
Usikubali. Kile kipande si cha kujaza nafasi, kimewekwa kuzuia joto la manifoldi lisipande kwenye kabureta. Ukiweka aluminiamu, petroli itachemka ndani ya bakuli la kabureta. Ukizima gari ikiwa ya moto haitawaka mpaka ipoe, na utakuja kufungua uzi mwingine. Agiza cha bakelaiti, Kariakoo vipo, hata cha kuvua kwenye injini nyingine, ila kipitishe kwanza kwenye kioo uone kama kimenyooka.

Silikoni iondoe yote. Petroli inailainisha, inavimba, inakatika, inamezwa. Pale ni gasketi ya karatasi kavu tu. Nati nne zikazwe kwa zamu, kona kwa kona, kidogo kidogo, kwa mkono mmoja ulioshika spana karibu na kichwa. Ukiona unatumia mkono wote mpaka begani umeshapitiliza.

Kabureta yako ya zamani iko wapi?

Kiazi Mviringo (Njombe):
Iko chini ya kitanda. Fundi aliitaka, nikamwambia nitampa baadaye.

Fundi Kimya (Mbeya):
Baadaye hiyo isifike. Ioshe, badilisha gasketi zake na diaframu, irudishe. Ya zamani ya kiwandani, hata ikiwa imechakaa kidogo, inatyuniwa ikatulia. Hizo za kopi nimeona zinazotyuniwa asubuhi na kusahau jioni.

Mwana Pwani (Tanga):
Swali la mwanafunzi. Kama ufa umeshapatikana, yale maji na plagi namba 1 vipi? Au ilikuwa bahati tu?

Fundi Kimya (Mbeya):
Swali zuri. Ndiyo maana nimesubiri. Afunge hiki kipande, asome geji.

Kiazi Mviringo (Njombe):
Samahani kwa ukimya, kipande kilichelewa njiani. Nimefunga, kabureta ya zamani imerudi. Gari haizimi tena! Nimeendesha mpaka Makambako na kurudi. Nilitaka kuandika TATIZO LIMEKWISHA halafu nikakumbuka swali la Mwana Pwani, nikachomeka geji. 11. Plagi namba 1 bado safi. Maji bado yanapungua.

Nikachukua mpira wa mita moja, ncha moja sikioni, nyingine naipitisha taratibu kwenye ukingo wa manifoldi, kama daktari. Mbele, chini ya themostati: ssssss. Kwa chupa sikuusikia kwa sababu feni inapiga kelele pale pale.

Kesho tunafungua manifoldi. Kuna la kujiandaa nalo?

BintiSpana (Iringa):
Mwaga maji kwanza, yote, hata ya kwenye bloku. Ukivuta manifoldi yakiwa bado yamo yatamwagikia kwenye milango ya hewa. Bolti na nati ni spana namba 12, za chini zinachosha, tumia soketi na kiungio kirefu. Zipange kwenye kadibodi kwa mpangilio wake kwa sababu urefu haufanani. Milango ya hedi izibe na matambara mara tu manifoldi ikitoka. Hesabu matambara.

Gasketi nunua ya kiwanda. Usikubali ya kugongwagongwa na nyundo kwenye karatasi, si mahali hapa ambapo maji na hewa vinapakana. Wakati wa kufunga anzia katikati kwenda pembeni, nguvu ya kukazia ni nyutoni-mita 19 tu. Hiyo ni ndogo, watu wanashangaa. Kama huna spana ya kupimia, kaza kwa spana fupi.

Kiazi Mviringo (Njombe):
Mzee Kimya na dada Spana, njooni muone nilichokiona.

Gasketi ilikuwa ya kugonga na nyundo, kama mlivyosema. Karatasi imeoza kuzunguka tundu la maji, na kati ya tundu la maji na mlango wa silinda namba 1 pamebaki uzi mwembamba, sehemu moja haupo kabisa. Nilipofuta kwa kitambaa nikaona mabaya zaidi: aluminiamu ya manifoldi imeliwa, ina mashimo kama meno mabovu, moja linaingia punje ya harage. Mlango wa namba 1 ndani ni msafi, mitatu mingine ni myeusi. Upande wa hedi una madoa lakini uso ni mzima.

Fundi, nimshukuru kwa hili, alikuwa wa kwanza kusema: "Hii nilikuwa naitafuta kwenye hedi."

Fundi Kimya (Mbeya):
Miaka mingapi unatia maji ya bomba matupu?

Kiazi Mviringo (Njombe):
Tangu niinunue. 2014.

Fundi Kimya (Mbeya):
Basi ndiyo hiyo. Maji matupu yanakula aluminiamu, yanaanzia penye gasketi. Tafuta mchomeleaji wa aluminiamu wa gesi ya agoni, ajaze mashimo, halafu uso wote usawazishwe kwenye mashine ya kusaga hedi. Usiridhike na tupa. Ukisharudisha, weka kulanti (dawa ya rejeta ya kuzuia kutu na kuganda) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Huko kwenu inakusaidia na kwa baridi.

Na ukishafunga, pima nafasi za vali injini ikiwa ya moto: za hewa milimita 0.20, za moshi 0.30. Si kwa sababu zina ubaya, ni kwa sababu utatyuni kabureta sasa hivi. Kutyuni kabureta juu ya vali zisizopimwa ni kazi bure.

Chuma Chakavu:
Naomba niseme kitu bila utani. Nina Hilux dizeli na nimetoka kuingiza kitambaa cheupe kwenye mpira. Kimetoka chekundu, rangi ya barabara ya Kondoa. Naenda kununua mpira.

Dereva wa Zamani (Singida):
Nenda leo. Usiwashe gari kwenda dukani.

Kiazi Mviringo (Njombe):
Mrejesho, wiki tatu baadaye, kwa yeyote atakayekuja kusoma uzi huu akiwa na shida kama yangu.

Kuchomelea na kusawazisha 60,000, gasketi 25,000, kipande cheusi cha kuvua 20,000, chujio, kulanti, gasketi za kabureta. Jumla haikufika nusu ya hela niliyotupa kwenye kabureta ya kopi. Geji inasoma 13 na nusu, injini ya moto, mshale umeganda. Tumeweka sailensa mizunguko 700 kwa dakika. Taimingi tulipima kwa taa ya kuazima, ilikuwa sawa. Plagi zote nne sasa zina rangi moja, kahawia ya kuelekea weusi. Maji hayajashuka hata kidole. Asubuhi inatoa moshi mweupe kidogo, na mimi pia.

Juzi nimepanda kutoka Uwemba na magunia kumi na mawili, gia ya tatu, mahali ambapo nilikuwa naingiza ya pili.

Chupa ya saluni imegunduliwa, ilikuwa inanuka oili. Nimenunua mbili mpya.

Mwana Pwani (Tanga):
Safi sana. Ile kabureta ya kopi unaiuza shilingi ngapi?

Kiazi Mviringo (Njombe):
Ndugu yangu, baada ya kuusoma uzi wote huu?

Mwana Pwani (Tanga):
Nataka skrubu zake tu.